Kibaya Chajitembeza

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeifundisha madarasani kwa miaka kumi na minane sasa, na kila mwaka tumeieleza kwa namna ile ile: kwamba kitu chema hakihitaji kupigiwa debe, na kwamba kile kinachopitishwa mlango kwa mlango kwa sifa na madaha yafaa kitazamwe mara mbili kabla ya kununuliwa. Wanafunzi huiandika madaftarini, huikariri, na mtihani ukija huieleza barabara wakapata alama zao. Kisha kengele hulia, nao hutoka nje ya lango la shule, ambako hakuna hata kimoja kinachongoja kujiuza chenyewe.

Atakayefunga safari kutoka Mbale kuelekea Sironko, Mlima Elgon ukiwa mkono wake wa kulia, atayaona haya tuyasemayo. Duka la chumvi na sabuni limepakwa rangi ya kampuni ya simu kuanzia msingi hadi paa. Duka la jirani limepakwa rangi ya kampuni shindani. La tatu limerudia rangi ya lile la kwanza. Mwenye duka hufurahi kwamba ukuta wake umependeza bila yeye kutoa senti. Lakini huwezi tena kumwelekeza mgeni kwa kumwambia atafute duka lenye ukuta wa kijani, maana kuta zote zimevaa sare. Tumefikiri mara nyingi, tukipita njia hiyo, kwamba yaliyozipata kuta ndiyo yanayowapata watoto wetu.

Hatukushika kalamu ili kuongeza sauti yetu katika kile kilio cha kale cha wazee juu ya vijana. Kilio hicho kilikuwapo kabla ya redio na kabla ya gazeti, na aghalabu anayekilia husahau ujana wake. Tumeshika kalamu kwa sababu liko jambo lililotokea katika darasa letu la Kiswahili, ambalo sisi wenyewe tulikuwa na sehemu yetu ndani yake, na tunaona si haki kuendelea kulinyamazia mbele ya walimu wenzetu.

Shule za Uganda zilifungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona. Madarasa kadhaa yaliitwa kisha yakarudishwa nyumbani, na milango haikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Kwa muda huo wa karibu miaka miwili, watoto walilelewa na mashamba ya kahawa, na biashara ndogondogo za njiani, na redio, na, kwa waliobahatika kuipata, simu ya baba au ya kaka. Waliporudi tulikabidhiwa kidato cha pili, wanafunzi sitini na mmoja, wote wakilazimika kusoma Kiswahili kwa mujibu wa mtaala mpya ulioanza mwaka 2020. Tuliwapa insha ya kwanza yenye kichwa hiki: "Mtu Ninayetaka Kuwa."

Tulizisahihisha kwa siku tatu. Usiku wa kwanza tulidhani wamenakiliana. Lakini waliandika mbele ya macho yetu, na aliyekaa dirishani hangeweza kumnong'oneza aliyekaa mlangoni. Hata hivyo nyumba ilikuwa moja, yenye lango linalojifungua lenyewe, gari lilikuwa moja, jeupe, viatu vilikuwa vya alama moja, na ngozi, kwa wasichana na hata kwa wavulana wachache, ilikuwa "ngozi inayong'aa." Jambo lililotuacha kinywa wazi ni sentensi moja iliyojirudia katika insha ishirini na tatu, neno kwa neno: "Nataka kuwa mimi mwenyewe." Watu ishirini na watatu walitaka kuwa wao wenyewe, na wote walikuwa mtu yule yule.

Insha moja tu ilikwenda njia yake. Binti mmoja mwembamba, atokaye kijiji cha huko juu mlimani, aliandika kwamba alitaka kuwa kama shangazi yake, anayesimamia mizani katika kituo cha kununulia kahawa. Alieleza jinsi shangazi huyo anavyoijaribu mizani kila asubuhi kwa jiwe analolijua uzito wake kabla ya kumpimia mtu yeyote, jinsi anavyotia mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko akitafuta buni mbichi zilizofichwa chini, na jinsi wakulima wanavyomwogopa na kumpenda kwa pamoja. Ngeli zilimpiga chenga hapa na pale, lakini msomaji aliyaona magunia yale na kuisikia harufu yake.

Tuliisoma mbele ya darasa, na darasa likacheka. Mtu ameambiwa achague dunia nzima, naye amechagua gunia! Na sisi, twakiri, tulicheka nao. Si kwa sauti, bali kwa lile tabasamu ambalo mwanafunzi hulisoma upesi kuliko ubao. Tulimpa alama kumi na moja katika ishirini, na chini yake, kwa wino mwekundu, tukaandika: "Jitahidi kuwaza makubwa."

Hapa yatupasa turudi nyuma kidogo, maana mcheka kovu huwa ana jeraha lake. Katika utoto wetu neno "matangazo" lilikuwa na maana ya huzuni. Redio Uganda ilipofikia saa ya matangazo, baba alinyamazisha nyumba nzima ili tusikie nani amefariki, atazikwa wapi, na ndugu gani waliosafiri waarifiwe. Redio za kwanza za binafsi zilifunguliwa Kampala mwaka 1993, na polepole neno lile lile likavaa nguo nyingine: soda, sabuni, dansi, viatu. Mwaka 1995, tukiwa na umri wa miaka kumi na mitano, tuliona ukutani mwa duka moja mjini picha ya kijana amevaa viatu vya ngozi vyenye soli nene. Hakuna aliyetuambia tuvinunue. Lakini mwezi ule ule wenzetu wanne walivipata katika soko la mitumba, na kuanzia hapo miguu yetu ikaanza kutuaibisha.

Tuliiba debe moja la kahawa kavu kutoka katika ghala ya baba, tukaliuza kwa mchuuzi kwa bei ya kutupa. Baba alipogundua hakutupiga. Aliuliza tu: "Nani aliyekuambia kwamba miguu yako ina kasoro?" Tukajibu, "Kila mtu anavyo, baba." Akasema, "Sikukuuliza ni wangapi. Nimekuuliza ni nani." Hatukuwa na jibu. Soli zile zilibanduka kabla ya mvua kwisha, ila swali halikubanduka. Na laiti tungalilikumbuka siku ile ya insha, tusingelikuwa na haja ya kuandika haya.

Huenda msomaji akasema kwamba kufuata mkumbo si jambo lililoletwa na biashara, kwa kuwa jamii zetu za asili nazo ziliwaunda vijana kwa kalibu moja. Ni kweli, na sisi tu mashahidi. Mwaka 1998 tulisimama mbele ya ngariba. Kwa wasiojua, sisi Wagisu hutahiri vijana wetu kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, katika jando liitwalo imbalu, na msimu hufunguliwa mwezi wa Agosti katika uwanja wa Mutoto, karibu na mji wa Mbale. Kijana hufungwa njuga mapajani, hucheza ngoma akizuru nyumba za jamaa wa baba na wa mama, hupakwa unga na chachu ya pombe, na siku ikifika husimama wima hadharani. Hatakiwi kutikisika wala kupepesa macho. Anayekwepa huandamwa na fedheha, na tumesikia, wala hatujivunii, habari za waliokamatwa kwa nguvu. Kama huko si kulazimishwa kufanana na wenzako, basi hatujui ni nini.

Hata hivyo tumeupima mzigo ule na huu wa leo, tukaona tofauti mbili. Ya kwanza ni kwamba waliotudai tufanane nao tuliwajua. Ngariba alimjua babu yetu kwa jina, na shangazi aliyetuimbia alikuwa na haki ya kuja kula kwetu mwaka uliofuata. Lile swali la baba, "ni nani?", lilikuwa na jibu, na uliyemjua uliweza hata kumlalamikia. Ya pili ni kwamba deni lile lilikuwa na mwisho. Jeraha lilipopona tulinawishwa mikono, tukaitwa wanaume, na hakuna aliyerudi mwaka wa pili kusema kwamba kutahiriwa kwetu kumepitwa na wakati. Lakini viatu hupitwa, simu hupitwa, na hata rangi ya ngozi haifiki. Daima imebaki hatua moja. Biashara haiwezi kumwambia kijana, "Sasa umetosha," kwa kuwa siku atakayotosha ndiyo siku atakayoacha kununua. Na siku hizi hata pale Mutoto, nyuma ya wacheza ngoma, tumeona mabango ya makampuni, na vijana waliopakwa chachu wakiwa wamevaa fulana zenye nembo zao.

Turudi kwa binti wetu. Katika muhula wa pili tulitoa insha nyingine, na yake ilikuwa na lango linalojifungua lenyewe. Tulimpa kumi na nne. Hatukuona kwamba kuna kitu kimekufa, tuliona maendeleo. Wakati huo huo uso wake ulianza kuwa mweupe, lakini vifundo vya vidole vyake vikabaki vyeusi, kama ilivyo kwa kila anayejichubua, kwani ngozi ya mahali hapo ni nene na haikubali upesi. Wenzake waliacha kumcheka. Tulimwona akitembea katikati ya kundi, na, Mungu atusamehe, tulifurahi kwamba amepata marafiki.

Muhula wa tatu alikosa shule wiki mbili. Mama yake alikuja ofisini, mwanamke wa shamba, mikono ina utomvu wa ndizi. Alitoa kwenye kitambaa kikopo kidogo kisichoandikwa jina la mtengenezaji. "Mwalimu," alisema, "nilidhani ni mafuta ya shule, maana alisema wanafunzi wote wanayo." Uso wa mtoto ulikuwa umebabuka mashavuni, na jua la saa nne lilitosha kumtoa machozi. Mama akauliza, si kwa hasira, "Ni nani aliyemwambia mtoto wangu kwamba ngozi yake haifai?" Lilikuwa swali la baba yetu, limekuja tena kwa mdomo mwingine baada ya miaka ishirini na saba. Tulimweleza habari za simu, na za picha, na za matangazo. Yote yalikuwa kweli. Lakini hatukumweleza habari za insha, wala za wino mwekundu.

Dawa hizo, ambazo ndugu zetu wa Tanzania huziita mkorogo, aghalabu huwa na haidrokwinoni, au zebaki, au dawa kali za hospitali zilizochanganywa pasipo kipimo. Haidrokwinoni huzuia ngozi kutengeneza ile rangi inayoikinga na jua. Zebaki hupenya mwilini na kudhuru mafigo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulitaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni viwe vimeondolewa ifikapo mwaka 2020. Rwanda ilianza msako wa madukani mwishoni mwa 2018. Hata hivyo kikopo kile kilifika mlimani kwetu mwaka 2022. Kilipita mipaka yote kwa urahisi, kwa sababu hamu ya kukipata ilikuwa imekwisha kutangulia.

Tulipotafuta kuelewa yaliyotokea, tulikumbuka somo moja la saikolojia tulilolisoma chuoni tulipokuwa tukiitafuta stashahada, ambalo wakati ule tulilikariri tu kwa ajili ya mtihani. Mtaalamu Solomon Asch, huko Marekani, alichapisha mwaka 1951 matokeo ya majaribio yake juu ya vijana wa chuo. Kijana aliwekwa pamoja na wenzake kadhaa, wakaonyeshwa mistari, wakaulizwa ni upi unaolingana na mwingine kwa urefu. Jibu lilikuwa wazi kama mchana. Lakini wale wenzake walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo kwa sauti moja. Takriban theluthi moja ya majibu ya vijana hao yalifuata uongo wa wengi, na robo tatu yao walikubali kuyumba angalau mara moja. Kumbe hata jicho huweza kufuata mkumbo!

Sehemu ya pili ya majaribio hayo ndiyo iliyotuchoma. Asch alipomweka mtu mmoja tu, mmoja peke yake, atoe jibu la kweli kabla ya kijana, yale makosa yalipungua mno. Kijana hakuhitaji umati wa kumtetea. Alihitaji mwenzake mmoja. Siku ile tuliposoma insha ya mizani, wanafunzi sitini walicheka, na binti alikuwa peke yake. Mahali pa yule mmoja palikuwa wazi, nasi ndio tuliokuwa tumesimama hapo, na chaki mkononi. Tulichagua kuwa wa sitini na moja.

Baada ya hapo tulianza mazoezi ya kusoma matangazo kama tunavyosoma shairi, kwa sarufi. Wanafunzi walileta karatasi za vikopo, kurasa za magazeti, na maneno waliyoyanakili kwenye kuta za barabarani. Tuliwaonyesha kwanza kauli ya kutendwa isiyo na mtendaji: "Imethibitishwa." Imethibitishwa na nani? Pili, ulinganisho usio na upande wa pili: "Hung'arisha zaidi." Zaidi ya nini? Tatu, nafsi ya pili umoja inayosemwa kwa watu milioni: "Wewe ni wa pekee." Nne, lile neno "kila mtu," ambalo halina hesabu. Tukawapa pia mfano wa krimu iliyoanza kuuzwa India mwaka 1975 kwa jina la Fair & Lovely, ambayo mwaka 2020, baada ya malalamiko ya watu wengi, ilipewa jina la Glow & Lovely. Tuliwauliza jinsi neno la weupe lilivyoondoka na neno la kung'aa likaingia, na kama maana nayo ilisafiri au ilibaki nyumbani. Walijadiliana mpaka kengele ikalia, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hatukuwasukuma kuzungumza.

Kuhusu ile sentensi ya "kuwa mimi mwenyewe," tuliwasimulia habari za Edward Bernays. Mwaka 1929 kampuni ya tumbaku ya Marekani ilitaka wanawake wavute sigara hadharani, jambo lililokuwa mwiko. Bernays hakutangaza sigara. Alipanga wasichana kadhaa watembee katika maandamano ya Pasaka mjini New York, wawashe sigara mbele ya wapiga picha, na sigara hizo zikaitwa mienge ya uhuru. Wanafunzi wetu, ambao wameshasikia habari za mwenge uliowashwa juu ya Kilimanjaro mwaka 1961, walipiga kelele za mshangao. Basi tangu zamani muuzaji hodari hamwambii kijana "fanana na wenzako," kwa maana kijana atakataa. Humwambia "jikomboe," kisha humwonyesha mahali pa kununua minyororo.

Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hufungua mdomo kula tu, alinyoosha mkono. "Mwalimu," alisema, "na ninyi je? Mnatunyoa vichwa sawa, mnatuvika sare, na insha zote mnataka zianze na methali." Darasa likanyamaza kungoja adhabu. Tulitaka kujibu kwamba sare huficha umaskini wa mtoto wa maskini, na hilo ni kweli. Lakini juu ya insha hatukuwa na la kusema. Ni nani aliyewafundisha kwamba insha nzuri ni ile inayofanana na insha ya mfano? Ni nani aliyewapa orodha ya tamathali ishirini wazikariri, jua lichomoze kwa kila mmoja "likitabasamu mashariki"? Matangazo yalilikuta shamba limekwisha kulimwa, na jembe lilikuwa letu. Tulimwambia mvulana yule, "Umesema kweli," na hayo ndiyo mafunzo tuliyompa siku hiyo.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni amri ya serikali. Historia ya nchi zetu haiwaungi mkono sana. Tanzania ilikuwa na Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969 dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kujichubua. Hapa Uganda amri ya mwaka 1972 ilipiga marufuku sketi fupi. Zaire iliondoa suti na tai, ikaleta abakosti. Na ni katika nchi hiyo hiyo vijana wa Kinshasa, wakimfuata mwanamuziki Papa Wemba, walifanya mavazi ya gharama ya Ulaya kuwa karibu na dini. Sheria yaweza kukamata kopo lenye zebaki, na ni wajibu wake kufanya hivyo. Haiwezi kukamata aibu ya mtoto.

Wala hatuthubutu kuvilaani vyombo vya habari kwa jumla, maana tungekuwa tunautukana mkono unaotulisha. Kiswahili hapa Uganda kilichukiwa miaka mingi kwa kuwa kilisikika midomoni mwa wanajeshi waliokuja kupora, na jeraha hilo wazazi wengi wanalo. Mwalimu wa Kiswahili aliingia darasani kama mtu aliyekuja kudai kodi. Leo watoto huja wakiimba nyimbo za Bongo Fleva, na hutuuliza maana ya neno hili na lile kabla hatujafungua kitabu. Mkumbo huo umetufaa, nasi tumeupanda kama wengine. Tunachodai si kijana asiyefuata kitu, kwani huyo hayuko. Twadai kijana anayeweza kusimama njiani akauliza anamfuata nani.

Binti wetu alifanya mtihani wake wa kidato cha nne mwishoni mwa mwaka 2024. Matokeo yalipotoka alikuja shuleni kuyachukua, akapita kutuamkia. Mashavuni yamebaki mabaka mawili, yanaonekana zaidi akiwa juani. Tulikuwa tumejiandaa kwa miaka miwili kusema jambo moja, na tulilisema vibaya, kwa haraka, tukitazama meza: kwamba insha yake ya mizani ilikuwa bora kuliko zote, kwamba tulilijua hilo hata tulipokuwa tukicheka, na kwamba alama zile zilikuwa za uongo. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama tunalo bado lile daftari. Hatukuwa nalo, madaftari ya mwaka ule yalikwisha kwenda kufungia karanga sokoni.

"Si neno, Mwalimu," alisema. "Shangazi bado yuko pale pale. Jumatatu naanza kumsaidia kupima, mpaka nijue kama ada ya chuo itapatikana."

Walimu wenzetu, kila mmoja wetu ana rundo la insha mezani leo. Katika rundo hilo huenda iko moja isiyo na lango linalojifungua. Tunaomba, kabla ya kuchukua wino mwekundu, muisome mara mbili, kisha muisome kwa sauti mbele ya wote, na darasa likicheka, msicheke.